Mume wa Koti

Magokoro,

Walicheka. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla hata sijaketi. Walicheka mpaka mama mmoja akakalia kikapu chake cha majani chai na kuyaponda yote, na karani wa mizani akaacha kalamu ikaanguka. Mchezo ulikuwa mzuri, bibi yangu. Ungeuonea wivu. Nami nakuandikia nikiwa nimekwisha kabisa, kwa sababu sikuucheza ili wacheke.

Leo ni Alhamisi. Niko Nyansiongo, huku nilikoolewa, nimekaa nyuma ya zizi ambako mchana hakuna anayepita. Jumapili wazee wa ukoo wa mume wangu wanakaa kikao juu yangu. Nikubali jambo nililokataa, au nirudishwe kwetu Birongo kama mwanamke mkaidi asiyezaa. Jambo lenyewe halitatajwa katika kikao hicho. Wao hawawezi kulitaja na mimi siwezi. Ulikuwa unalijua wewe peke yako upande wetu, ukaenda nalo.

Ngoja nilieleze polepole, hata yale unayoyajua. Nikiyaona yameandikwa labda nitaamini kwamba ni mimi yaliyonipata.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa sijaingia hata darasa la kwanza. Watu wamejaa pale kituo cha majani chai, vikapu vimepangwa kwenye foleni, lori la kiwanda halijulikani litafika saa ngapi, na kila mtu amenuna kwa njaa. Ukasimama ukavaa koti la Sokoro, marehemu babu yangu, lililokufika magotini. Ukatangaza kwamba wewe ni mzee aliyekosana na mkewe, na mke ni mimi, na kwamba hatusemezani ila kupitia mbuzi. "Wee mbuzi, muulize huyo mama kama leo kuna chakula." Nami nikamtuma mbuzi akujibu kwamba chakula kiko, lakini kiko kwa jirani, maana huko ndiko mzee anakopenda kula. Mbuzi mwenyewe alikuwa kikapu kilichogeuzwa. Watu walianguka.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Michezo yako ilikuwa mifupi kwa sababu ya lori. Likipiga honi mchezo umekwisha, hata kama mume bado yuko chini ya kitanda. Ulicheza ya mwanamke aliyeficha simu ya pili ndani ya pipa la unga ikalia mkwe akiwa mezani. Ulicheza ya mzee wa kanisa letu la Sabato ambaye amelima chai shamba zima, kanisa halitaki anywe chai, naye anainywa zizini akiwapa ng'ombe mgongo ili wasimwone. Kila mtu pale alijua huyo mzee ni nani. Ni Baba, mwanao wa kwanza, na alikuwa amesimama palepale na kikapu chake. Alicheka kuliko wote. Alivua kofia akajipangusa macho.

Lakini kulikuwa na michezo ambayo hukuicheza kamwe Baba na mimi tukiwa mahali pamoja. Ulinieleza nikiwa mdogo, nilipokuuliza kwa nini. Ukasema kuna chinsoni, ile haya iliyo kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mtu na wakwe zake. Mambo ya kitandani hayatajwi mbele ya uliyemzaa wala mbele ya aliyekuzaa. Ukiyasikia yanatajwa, unainuka unaondoka. Bibi na mjukuu ndio wameachiwa watukanane wapendavyo. Ndiyo maana uliniita mke mwenzio, ukaniuliza mambo ambayo mama yangu hangeyauliza hata akilipwa.

Kwa hiyo nilipopata shida, nilikuja kwako.

Nyabuto, mume wangu, si mtu mbaya. Nasema hivyo hata leo. Ni mpole, anajua kila ng'ombe wake kwa sauti, na siku za baridi alikuwa akiniwekea gumbuti zangu, vile viatu vya mpira vya shamba, karibu na jiko zipate joto. Tulipokaa bila mtoto tulienda hospitali sote wawili, kimyakimya. Majibu yake ndiyo yaliyokuwa na tatizo. Aliniambia akiwa amenipa mgongo, anafunga kamba ya ndama, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilimwambia tutaishi hivyo hivyo. Nilikuwa namaanisha.

Naye akamwambia mama yake. Hapo ndipo nilipokosea kufikiri kwamba siri ya watu wawili imebaki ya watu wawili. Mama mkwe hakulia. Alikaa na jambo hilo kama mtu anayetafuta mahali pa kupitisha maji shambani, kisha akaniita jikoni. Akaniambia zamani nyumba nyingi zilisimama hivyo na hakuna aliyejua. Ombati, mtoto wa baba mkubwa wa Nyabuto, ni damu ileile, ana watoto wake, hawezi kusumbua. Atakuwa akipita hapa Nyabuto akiwa amekwenda kupeleka maziwa. Mtoto atakuwa wa Nyabuto na jina ni la Nyabuto. "Hata wewe utapumzika maneno ya watu," akaniambia.

Nilikataa. Nilimwuliza Nyabuto kama analijua hilo. Alichukua ndoo akaenda kukamua, na haikuwa saa ya kukamua. Tangu siku hiyo kila mama yake akifungua mdomo yeye anakwenda kwa ng'ombe. Na Ombati akaanza kupita. Anasimama kwenye ua, anasalimia, anauliza kama mahindi yamekauka. Nilikuwa nikijifungia ndani kwa mti wa mlango, nimeshika panga, nikisikia viatu vyake vikizunguka nyumba taratibu mpaka achoke.

Nilimwendea Mama. Nilimfuata mpaka jikoni kule Birongo, nikaanza kwa mbali, nikasema mama mkwe ananitaka nifanye jambo na shemeji. Aliinuka kabla sijamaliza. Akasema maharagwe yanaungua. Hayakuwa hata na moto chini yake. Alibaki huko nje amesimama hadi nikaacha kulia, kisha akarudi akaniuliza kama nitabeba ndizi za kupeleka.

Wewe hukuinuka. Nilikaa kwako nikashindwa kuanza, ukanianzishia mwenyewe. Ukauliza, "Ni mzee hawezi, ama ni wewe?" Nikacheka na kulia mara moja. Nikakueleza yote, mpaka panga. Ukazungusha kikombe chako. Ukasema kumwambia Baba kwa mdomo hata wewe huwezi, kwa kuwa ni mwanao na kuna haya ileile kati yenu. Kisha ukaniambia, "Niachie. Nitaicheza." Ukaanza kuipanga palepale: mume awe koti tu, limetundikwa, halina mtu ndani. Ulicheka peke yako ulipofika kwenye suruali. Nililala usingizi mzito siku hiyo, wa kwanza tangu nitoke hospitali.

Halafu mvua ya mawe ikaja, kifua kikakushika, na nilipopigiwa simu nilidhani wananiita nije nikuuguze.

Sijui nikuambie nini kuhusu tangu tulipokuzika. Nyumba yako imefungwa na ufunguo anao Baba. Kuku wako walihamia kwa Mama na wanataga ovyo kila mahali. Pale kituoni hakuna anayesimama tena. Watu wanasubiri lori wakiangalia simu zao, kila mtu amejiinamia. Mara ya kwanza nilipowaona hivyo nilikukasirikia. Uliniahidi. Ulisema nikuachie, nikakuachia, na sasa ni mimi niliyebaki na kila kitu.

Mama mkwe alipotangaza kikao cha wazee nilijua sina njia. Mbele ya wazee wale, ambao kwangu ni kama baba wakwe, nitasema nini? Watasema nimekataa kumtii mama wa nyumba. Wataniuliza nimekataa nini. Nikisema, mimi ndiye mchafu. Nikinyamaza, mimi ndiye mkaidi. Basi nikaomba ruhusa nije Birongo kuwaona wazazi, nikaenda moja kwa moja kwa Kwamboka, jirani yetu niliyekua naye. Nikamwomba awe mama mkwe. Sikumwambia ni ya kweli. Alidhani ni ile michezo yetu ya zamani, akafurahi, akajifunga vitenge viwili kiunoni.

Pale kituoni tulichomeka jembe ardhini mpini ukiwa juu, tukalivika koti la Sokoro, ambalo uliniachia. Huyo ndiye mume wangu. Kwamboka akaanza kulisifu. Mwanangu ana mabega, mwanangu hana maneno mengi, mwanangu halewi. Akalilisha ugali. Ugali ukaanguka chini, akasema ameshiba. Akaniuliza mbona nyumba haina kelele za watoto. Nikamwonyesha koti. Nikalifungua vifungo, watu wakaona mpini mtupu, na kicheko cha kwanza kikapanda. Akasema koti halina shida, shida ni mimi nisiyejua kulipiga pasi. Kicheko cha pili. Kisha akasema, haya, kama ni suruali tu inayokosekana, suruali si kitu cha kutuvunjia nyumba, ataenda kuazima kwa mtoto wa shemeji yake. Akakimbia, akarudi na suruali ya mumewe, anaifunga chini ya koti kwa kamba huku akinihimiza nisichague, kitambaa ni kilekile.

Hapo ndipo yule mama alipokalia majani yake.

Baba alikuwa amesimama karibu na mizani. Nilikuwa nimepanga kutomtazama, nikamtazama. Alikuwa akicheka tangu mwanzo, tangu ugali. Nilipaswa kusema maneno ya mwisho kwa ile sauti yako ya puani. Sauti haikuja. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Na mimi nikikataa hiyo suruali?"

Walicheka tena. Wote. Baba aliacha kucheka. Aligeuka, akapita katikati ya watu, akaondoka. Aliacha kikapu chake kwenye foleni, Magokoro, kimejaa, hakijapimwa, na unajua yeye ni mtu wa kuokota jani moja likianguka njiani. Nyuma yangu mtu mmoja akasema mzee wa kanisa ameona binti yake anacheza uchafu. Kwamboka akamalizia peke yake, na lori likapiga honi.

Jioni Baba hakuja mezani. Mama aliweka sahani yangu chini kwa kishindo akasema nimemwaibisha mbele ya washiriki wenzake wa kanisa. Asubuhi niliondoka bila kumwona. Nilisimama nje ya mlango wake nikasema nimeenda, na mlango haukufunguliwa.

Kwa hiyo ndiyo hali, leo Alhamisi. Nilikuwa na bibi, sina. Nilikuwa na baba, nimemfukuza kwa mchezo wako. Hapa wananikunjia nyuso wakisubiri Jumapili. Tangu nirudi Ombati amepita ua mara mbili na leo hata hakusalimia. Nimefikiri mambo ambayo sitaki kuyaandika. Kuna dawa ya kuoshea ng'ombe kupe hapa kwenye rafu, na nimeiangalia sana. Nimeitoa sasa hivi nikaimwaga kwenye shimo la choo, kwa hiyo usiogope. Lakini nimechoka. Ningekuwa na mtu hata mmoja wa kuniuliza swali la kipumbavu kama lako nisingefika hapa.

*

Leo ni Jumatatu. Naendelea kwenye karatasi ileile kwa sababu sitaki kuichana ya kwanza.

Wazee walikuja mapema. Viti vilipangwa nje mbele ya nyumba ya mama mkwe, mimi nikawekwa kwenye mkeka pembeni. Nyabuto alikaa nyuma ya wazee akiangalia viatu vyake. Kabla hawajafungua kikao, mtu akaonekana anapandisha kutoka barabarani, amevaa suti nyeusi, ile ya Sabato. Nilidhani ni mchungaji wao. Alipofika langoni nikaona ni Baba.

Alikuwa peke yake. Wewe unajua hilo ni jambo gani. Mtu haendi kwa wakwe zake bila ndugu zake, hasa siku ya kesi. Baba mdogo yuko, binamu zake wako, na wote wangekuja. Nilipomwona amekuja bila hata mmoja nilifikiri amekuja kunikana, na hakutaka ukoo uone. Hakunitazama. Alisalimia wazee, akapewa kiti, akakiburuta mpaka mahali ambapo alinipa mgongo. Mama mkwe akamletea chai ya maziwa. Akamshukuru, akasema yeye ni Msabato. Hata pale, nikiwa nusu mfu, nilikaribia kucheka.

Msemaji wao akaanza. Alisema kwa heshima, sitamsingizia. Alisema binti huyu ana kiburi, hasikii mama wa nyumba, na nyumba imebaki kimya. Akasema wao hawapendi kuvunja, ila mtoto lazima afundishwe kukubali. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Alipoulizwa ana neno gani, alisimama. Alifunga kifungo cha koti lake.

"Sikumlea mtoto ili aazimwe," akasema.

Hilo tu.

Mama mkwe alikuwa ameshika trei, akaiweka chini kwenye nyasi, vikombe vikalala. Si wazee wote waliokuwa wakijua. Niliona mmoja wao anamtazama mama mkwe, kisha Nyabuto, kisha anavua kofia yake taratibu na kuiweka kwenye goti. Ombati, aliyekuwa ameegemea mti wa ua, akaanza kutembea kuelekea kwenye mahindi. Hakuna aliyeuliza Baba anamaanisha nini. Msemaji akasema tu kwamba mambo ya ng'ombe wa mahari yatazungumzwa na watu wazima siku nyingine, na Baba akakubali kwa kichwa.

Ndipo nilipoelewa kilichotokea kituoni. Kama ungekuwa mchezo tu kwake, angebaki akacheka na wengine, kama alivyocheka habari ya chai yake. Aliondoka kwa sababu aliyesimama pale na kusema yale alikuwa ni mtoto wake, na yalikuwa ya kweli, na mzazi hakai akayasikia. Yeye peke yake katika umati wote ule ndiye aliyesikia. Na alikuja peke yake Nyansiongo ili hata ndugu zake wasisikie.

Nilikusanya vitu vyangu. Nyabuto alinibebea sanduku hadi langoni, na nikaona ameshika pia gumbuti zangu, amezipangusa. Akaniambia, "Ilikuwa niseme mimi." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya lolote. Nampenda bado, na najua sitarudi. Yanauma yote mawili na sijui ni lipi linauma zaidi.

Baba alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika Keumbu alininunulia ndizi mbivu, akamwambia muuzaji anipe, hakunipa kwa mkono wake. Nyumbani alitoa ufunguo wa nyumba yako akampa Mama anipe, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mama alinikumbatia mlangoni kwako, akasema, "Mwanangu, mimi sikuweza." Nikamwambia najua.

Nimelala kwenye kitanda chako. Blanketi lako bado linanuka moshi. Nimelia mpaka nimeumwa na mbavu. Sijashinda chochote, bibi yangu. Sina mume, sina mtoto, nimerudi kwa baba yangu nikiwa mtu mzima, na kuna mtu mmoja duniani aliyevunja haya yake kwa ajili yangu ambaye sasa hawezi kuniangalia usoni. Tumepishana leo kisimani na amegeuza kichwa. Si hasira. Ni kwamba sasa anajua, na mimi najua kwamba anajua, na aliyekuwa akikaa katikati yetu amelala chini ya migomba. Huenda itakuwa hivi mpaka nizeeke. Kama ni hivyo, nitaibeba.

Nilichotaka kukuambia hasa ni cha leo asubuhi. Nilisikia mtu anakohoa nje. Nilipofungua, Baba alikuwa amesimama mbali kidogo, anaangalia upande wa shamba. Kikapu kipya kilikuwa mlangoni. Alinyoosha mkono kwenye chai yako, ile ya chini karibu na mto, ambayo tangu ufe imeota mpaka kiunoni kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Hii mistari ya mama haina mtu," akasema. "Chuma wewe."

Akaenda zake. Binti aliyerudi hapewi shamba huku kwetu, unalijua hilo, na atasumbuliwa na ndugu zake kwa neno hilo moja. Nimeshinda humo tangu wakati ule. Vidole vimekuwa vyeusi.

Nenda salama, Magokoro. Genda buya. Nimekusamehe kwa kufa. Nakuahidi kwamba nitaishi, hata siku ambazo sitaki. Na nakuahidi jambo la pili: mtoto wa mtu yeyote akija kuketi kwangu na kushindwa kuanza, nitamwanzishia mimi.

Mke mwenzio,
Kemunto